Sauti ya Kilio na Sauti ya Shangwe

Masomo: Ezra 3:10-13, 1 Samweli 3:1-18



Katika kitabu cha Ezra twasoma habari ya siku moja iliyokuwa na sauti mbili. Wana wa Israeli walikuwa wamerudi kutoka utumwani Babeli. Mji wao ulikuwa magofu, na nyumba ya Mungu aliyoijenga mfalme Sulemani ilikuwa imeteketezwa kwa moto yapata miaka 50 nyuma. Basi siku waashi walipouweka msingi wa nyumba mpya, makuhani walisimama na tarumbeta zao, na Walawi na matoazi yao, na mkutano wote ukamsifu Bwana. Lakini wale wazee ambao kwa macho yao waliiona nyumba ya kwanza walilia machozi. Na wale waliozaliwa ugenini, wasioijua nyumba nyingine, walipiga vigelegele. Naye aliyesimama mbali hakuweza kujua kama asikialo ni kilio au ni shangwe.

Angalieni, wapendwa: siku ni moja, mahali ni pamoja, na msingi ni ule ule. Kilichowatenga watu wale ni miaka tu. Mwenye miaka 70 aliona kilichopungua. Mwenye miaka 20 aliona kilichoanza. Je, ni nani kati yao aliyesema uongo? Hakuna. Mzee alisema kweli, kwani nyumba ya kwanza ilikuwa na utukufu. Kijana naye alisema kweli, kwani pale palipokuwa na majivu jana, leo pana msingi. Wala Maandiko hayamkemei hata mmoja wao. Yatuambia tu ya kwamba sauti zao zilipanda pamoja.

Neno tunalotaka kulisema mwezi huu ndilo hili: Mungu hakumpa mtu wa umri mmoja kuiona kweli yote. Aliigawa katika miaka ya watu, huyu sehemu yake na yule sehemu yake, ili tuhitajiane. Na nyumba aliyoiweka ili sehemu hizo zikutane ni kanisa lake.

Miaka ya babu zetu na miaka yetu

Ili tulifahamu jambo hili, na tuitazame nchi moja ambayo habari zake zimeandikwa sana, yaani Kilimanjaro. Wamisionari wa Leipzig walifika huko mwaka wa 1893. Mmoja wa waliowafuata, Bruno Gutmann, alikaa miaka mingi Moshi ya Kale, hata akarudi kwao mwaka wa 1938. Huyo aliketi miguuni pa wazee wa Kichagga, akaandika mafundisho yao katika vitabu vitatu vilivyotolewa kati ya mwaka wa 1932 na 1938.

Kwa habari hizo twajua jinsi umri wa mtu ulivyokuwa na milango. Mtoto alichunga mbuzi. Alipokua alitahiriwa pamoja na rika lake. Kisha akafundishwa na mzee aliyeshika fimbo yenye alama za kuchongwa, iitwayo mregho. Mzee aliweka kidole juu ya alama, akaeleza maana yake, akapita kwenye alama iliyofuata. Hivyo kijana alifundishwa maisha ya mtu tangu tumboni mwa mama yake. Baadaye akapewa sehemu ya kihamba, akajenga, akaoa. Na alipoota mvi, walikuwako waliomsubiri aseme kwanza barazani. Katika kila mlango alisimama mtu aliyepita kabla yake, wala hapana aliyepita peke yake.

Lakini tusiwapambe watu wa kale kwa nguo ambazo hawakuzivaa. Siku zile zilikuwa na vita vya mangi na mangi, na hofu ya mizimu, na maradhi yasiyo na dawa. Hata baada ya Uhuru, sensa ya mwaka 1967 ilikadiria ya kuwa mtu azaliwaye katika Tanganyika na Zanzibar zilizoungana aweza kutazamia kuishi miaka ipatayo 42 tu. Maana yake si kwamba hapakuwa na wazee. Maana yake ni kwamba watoto wengi walizikwa kabla ya kujua kutembea, na hesabu yao ikaupunguza wastani wa wote. Bibi zetu wengi waliwazika watoto wawili au watatu, wakarudi shambani siku zile zile. Basi bibi anapokuona unalalamika kwa jambo dogo akanyamaza, usidhani hakuelewi. Yamkini anakumbuka.

Leo twaweza kutazamia kuishi miaka inayopita 60. Hii ni neema ya Mungu, aliyoileta kwa mikono ya wauguzi, na chanjo, na maji safi, na shule za akina mama. Lakini ile milango imepotea. Sera ya serikali ya maendeleo ya vijana ya mwaka 2007 yamwita mtu kijana tangu miaka 15 hata 35. Katika miaka hiyo 20 mtu wa zamani alikwisha kuoa, na kujenga, na kumpeleka mwanawe kuchunga. Kijana wa leo amesoma, ana ndevu, ana cheti, na bado anangoja. Kihamba cha babu kiligawanywa kwa baba zake, kikagawanywa tena, na sasa hakigawanyiki. Si uvivu wake uliomzuia mlangoni. Mlango wenyewe haonyeshwi. Naye mtumishi wa serikali, siku atimizapo miaka 60, huambiwa aende nyumbani, ingawa nguvu zake zingalipo na maarifa yake yamekomaa. Kwa hiyo huyu aambiwa, "Bado," na yule aambiwa, "Imekwisha". Na wote wawili huona haya, kila mmoja kwa upande wake, wala hawaambiani.

Tena tazameni: katika jamaa moja siku hizi huweza kuwako vizazi vinne vilivyo hai, jambo lililokuwa nadra zamani. Lakini bibi yuko mlimani, mwanawe yuko Arusha, mjukuu yuko Dar es Salaam, na kitukuu hajui lugha ya bibi. Mungu ametuongezea miaka, nasi tumeipunguza meza ya kukaa pamoja.

Gutmann aliiona hatari hii tangu zamani. Alifundisha ya kuwa ukoo, ujirani na rika ni vifungo alivyoviumba Mungu, na kanisa halina ruhusa kuvikata, bali kuvitakasa. Kwa hiyo vijana wa kipaimara aliwafunga wawili wawili, kila mmoja awe mlinzi wa mwenziwe, kama ngao. Walikuwako waliompinga, wakisema ya kwamba anawashika vijana kwa kamba za kale wakati wao watafuta elimu na njia mpya. Nao hawakukosa sababu. Hapo tena twasikia sauti mbili za Ezra. Lakini swali lake limebaki: vifungo vile vikikatwa, ni nini kitakachotushika?

Mzee asiyeona na mtoto asiyejua

Maandiko yatujibu kwa habari ya Eli na Samweli. Eli alikuwa mzee, macho yake yameingia giza. Samweli alikuwa mtoto, alilala hekaluni karibu na taa. Usiku Bwana akamwita mtoto. Naye mara tatu akaondoka mbio kwenda kwa Eli, akidhani ndiye aliyemwita.

Lishikeni jambo hili. Mtoto alisikia, lakini hakujua ni sauti ya nani. Mzee alijua sauti ile ni ya nani, lakini yeye hakuisikia. Kama Eli angalikuwa peke yake usiku ule, Mungu angalisema na mzee asisikie. Kama Samweli angalikuwa peke yake, angalisikia asijue, na asubuhi angaliisahau kama ndoto. Ilipasa wakae nyumba moja, tena karibu, hata mbio za mtoto usiku zimfikie mzee kitandani.

Eli hakumfukuza mtoto kwa kumsumbua mara tatu. Mzee wa leo aamshwapo mara tatu husema nini? Wala Samweli hakuchoka kwenda. Naye kijana wa leo hutuma mara ngapi kabla hajasema, "Mzee huyu haelewi"? Na neno lililo kuu kuliko yote ni hili: ujumbe alioupokea Samweli ulikuwa wa kumhukumu Eli mwenyewe na nyumba yake, kwa kuwa hakuwazuia wanawe. Basi mzee alimfundisha mtoto kulisikia neno ambalo lilikuwa juu yake. Na kulipopambazuka alimwapiza asimfiche hata neno moja. Akalisikia, akainama mbele za Bwana. Huyu Eli, ambaye sisi hukumbuka makosa yake tu, hapo alionyesha ukubwa usioonekana mara nyingi. Ni vigumu kumfundisha mtoto. Ni vigumu zaidi kukubali kufundishwa na mtoto uliyemfundisha.

Kanisa letu la Afrika ya Mashariki nalo lina mfano wake. Mwaka wa 1848 mmisionari Johannes Rebmann, mwenye miaka 28, aliuona mlima wa Kilimanjaro una theluji, akaandika. Na wakubwa wa elimu huko Ulaya wakamcheka, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Kijana aliona, wazee wakakataa. Lakini miaka ikapita. Rebmann akakaa Rabai, karibu na Mombasa, hata macho yake yakapofuka. Yule aliyeona kilichokataliwa na wote hakuweza tena kuiona njia mbele ya miguu yake. Mwaka wa 1875 alirudishwa Ujerumani, na aliyesafiri naye ni Isaac Nyondo, mwana wa mmoja wa Wakristo wa kwanza wa Rabai. Mtu aliyekuja kuwaongoza wengine akaongozwa na mwana wa hao aliowaongoza. Mwaka uliofuata akafa. Je, hii ni aibu? Sivyo. Huu ni utimilifu wa kazi yake.

Tena mwaka wa 1920, baada ya vita kuu, wamisionari wa Leipzig waliondolewa katika nchi ya Tanganyika. Wengi walidhani sharika za Kilimanjaro zitazimika kama taa isiyo na mafuta. Lakini walimu wenyeji walizishika. Wakristo wa mlimani hawakuwa wamemaliza hata miaka 30 katika imani, na mzigo ukakaa juu ya mabega yao, wala haukuanguka. Basi asiseme mtu kwamba Mungu hungoja mvi ndipo aamini mtu kwa kazi yake.

Miaka mia isiyo ya mtu mmoja

Baba yetu Martin Luther alikufa mjini Eisleben tarehe 18 Februari 1546, mwenye miaka 62. Siku mbili kabla ya kufa kwake aliandika maneno machache juu ya kipande cha karatasi. Alisema, kwa maana yake, ya kuwa mashairi ya Virgil ya wachungaji hawezi kuyafahamu ila yeye aliyechunga mifugo miaka 5. Na yale ya kilimo, ila yeye aliyelima miaka 5. Na barua za Cicero, ila yeye aliyekaa miaka 20 katika mambo makubwa ya utawala. Na Maandiko Matakatifu, alisema, asidhani mtu ameyaonja vya kutosha asipoyaongoza makanisa miaka 100 pamoja na manabii. Kisha akamaliza kwa kukiri ya kwamba sisi sote tu waombaji maskini.

Huyu ndiye aliyeifasiri Biblia nzima kwa lugha ya watu wake! Alipofika mwisho hakusema, "Nimeifahamu." Alisema, "Miaka haikutosha."

Basi ni nani mwenye miaka 100? Mtunga Zaburi ya 90 azihesabu siku zetu kuwa miaka 70, na 80 kwa mwenye nguvu. Lakini ingieni kanisani Jumapili, mkahesabu. Bibi mwenye miaka 78 ameketi kwenye benchi. Kulia kwake yupo kijana wa kipaimara mwenye miaka 15. Kushoto kwake yupo mtoto wa miaka 7, anayechezea ncha ya kanga yake. Jumlisheni: ni miaka 100 kamili. Neno moja lasomwa, nao watatu walisikia. Mtoto asikia ya kwamba Mungu ni Baba, akaamini bila shida. Kijana asikia ya kwamba ameitwa, akatetemeka. Bibi asikia ya kwamba Bwana hawaachi walio wake, naye anajua mahali alipothibitisha, na jina la kaburi. Kile ambacho mtu mmoja hawezi kukiishi, benchi moja limekiishi. Lakini likiwa na bibi peke yake, lina miaka 78. Na likiwa na watoto peke yao, wanayo machache zaidi.

Kwa hiyo twaogopa tuonapo ibada ya vijana ikiwa na nyumba yake na saa yake, na ibada ya wazee vile vile, hata mwaka ukapita wasiimbe pamoja. Hatusemi ni dhambi kuwafundisha watoto mahali pao, kwani mtoto hulishwa kwa kijiko chake. Lakini kama hawakutani kamwe, tumeikata ile miaka 100 vipande vipande, kisha twashangaa kwa nini hapana auonjaye utamu wa Neno.

Neno kwa wazee, na neno kwa vijana

Ninyi wazee wetu, mturuhusu kusema kwa heshima. Msiseme kwamba siku za kale zilikuwa njema kuliko hizi; Mhubiri, katika sura ya 7, asema swali hilo halitoki katika hekima. Lieni, kama walivyolia wazee wa Ezra, kwani mmeviona vilivyo vyema vikipotea. Lakini kilio chenu kisiwe jiwe la kuwatupia waashi. Miaka ipatayo 66 baada ya kuangamizwa nyumba ya kwanza, nabii Hagai aliwauliza waliosalia kama wanaiona nyumba mpya kuwa si kitu. Hakuwakatalia. Kisha akawaambia wajitie nguvu, wafanye kazi. Tena kumbukeni wazee wawili. Kalebu, mwenye miaka 85, aliomba apewe nchi ya milima akaishinde. Barzilai, mwenye miaka 80, aliitwa na mfalme Daudi akae Yerusalemu, akakataa kwa adabu, akamtoa Kimhamu aende badala yake. Mmoja aliomba kazi, mmoja akaachia nafasi. Na wote wawili Maandiko yawaheshimu. Kila mzee na aombe ajue leo kama saa yake ni ya Kalebu au ni ya Barzilai. Anayekishika kiti cha usharika hata kikaoza chini yake hakumfuata hata mmoja wao.

Nanyi vijana, Amri ya Nne haikuwekwa kwa ajili ya watoto wadogo tu. Mdomo wetu husema shikamoo, na miguu imekwisha kupita. Twatuma fedha kwa simu, nazo zafika kwa dakika moja. Ni vema, tusiache. Lakini fedha haziketi kitini, wala hazisikilizi habari iliyosimuliwa mara ya nne, wala hazimshiki mtu mkono aendapo gizani. Mama yako hahitaji unga tu. Anahitaji mtu anayekumbuka jina la mumewe.

Na hapa hatuna budi kutaja jambo linalotutia huzuni. Katika sehemu za Kanda ya Ziwa, kwa miaka mingi, wako bibi wazee waliouawa kwa kudhaniwa ni wachawi, na ushahidi uliotajwa juu yao ni macho mekundu. Je, macho yale yalifanywa mekundu na nini? Ni moshi wa kuni na wa samadi, miaka 50 mbele ya mafiga, wakiwapikia hao hao. Alama ya upendo wao ikageuzwa kuwa hati ya kifo chao. Tusiseme, "Hayo ni ya mbali." Kila tunaponong'ona kwamba mzee fulani amekaa mno duniani, kana kwamba amekula miaka ya wengine, tumewasha moto ule ule. Aliyesema mzee aheshimiwe ndiye aliyesema tusiue.

Yeye atubebaye

Wapendwa, kama tukiishia hapo tumewaachia mzigo tu. Mzee atarudi nyumbani akiwa na hatia, na kijana vile vile. Lakini sikieni Injili. Kwa kinywa cha Isaya, katika sura ya 46, Mungu atangaza ya kwamba alitubeba tangu tumboni, naye atatubeba hata tuwapo wenye mvi. Sanamu za Babeli zilibebwa juu ya wanyama, zikawachosha. Mungu wetu hubebi, yeye hutubeba. Mtoto mchanga hawezi kutembea, hubebwa. Mzee sana hawezi kutembea, hubebwa. Na sisi tulio katikati, tujidhanio twatembea kwa miguu yetu, twabebwa pia, ila hatujui. Kwa hiyo mtoto na mzee ni walimu wetu: waonyesha wazi jinsi hali yetu sote ilivyo mbele za Mungu. Huu ndio uombaji alioukiri Luther.

Mwana wa Mungu mwenyewe alipita katika milango ya umri. Alikuwa mtoto wa siku 40 mikononi mwa Simeoni, na Ana mwenye miaka 84 akamtangaza. Alikuwa mwenye miaka 12, akiwasikiliza walimu na kuwauliza. Alikuwa mtu mzima wa miaka ipatayo 30 alipoanza kazi. Uzee hakuufikia, kwani tulimsulibisha. Lakini udhaifu wake aliuchukua: alifungwa, akaongozwa asikotaka, mikono yake ikanyoshwa na wengine, akasema, "Naona kiu." Alipofufuka alimwambia Petro ya kuwa naye atakapokuwa mzee atainyosha mikono yake na mwingine atamfunga mshipi. Hakumwambia hivyo ili kumtisha. Alimwambia, kisha akamwita amfuate. Maana njia ile ya mikono iliyonyoshwa, Bwana amekwisha kuipita kwanza.

Na katika birika la ubatizo hapana mkubwa wala mdogo. Mtoto wa siku nane na mzee wa miaka 80 hupokea maji yale yale, na jina lile lile. Hapo wote ni wachanga.

Tufanye nini?

Twazishauri sharika zetu mambo machache, yasiyohitaji fedha. Kwanza, angalau mara moja kwa mwezi ibada iwe moja, na benchi lisigawanywe kwa umri. Pili, kila mtoto wa kipaimara apewe mzee mmoja wa mtaa wake. Amtembelee, amsomee Neno ikiwa macho yake yamefifia, na amwulize: Ulikuwa wapi ulipokuwa na umri wangu? Ulilia kwa nini? Nani alikubeba? Tatu, mchungaji au mzee wa kanisa aendapo kumpelekea mgonjwa Chakula cha Bwana nyumbani, aende na kijana, ili ajue mahali ambapo naye atalala siku moja. Nne, wazee wasije na majibu tu. Waje na swali moja kwa kijana, tena wangoje jibu lake hata mwisho.

Hapo sauti zetu mbili hazitaisha. Mzee atalia kwa yale aliyoyaona, na kijana atashangilia yale ayaonayo. Lakini zitapanda pamoja kutoka katika msingi mmoja, ambao ni Kristo. Na asimamaye mbali atasikia kwamba nyumba inajengwa.

Tuombe. Ee Baba wa milele, usiye na ujana wala uzee, wewe umezihesabu siku zetu zote. Wape wazee wetu macho ya kuona msingi uliouweka leo, na vijana wetu masikio ya kusikia habari za jana. Uwakumbuke waliolala peke yao usiku huu, wasio na mtoto wa kuwakimbilia. Utubebe sote, hata tufike mahali pasipo kilio. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.